Senkrasi: nyasi za malisho zinazostahimili ukame

Senkrasi ni nyasi za kudumu zinazopandwa kulishia mifugo kwenye maeneo ya mvua haba. Kitaalamu zinaitwa Cenchrus ciliaris. Ni za huku huku Afrika, ingawa asili yake inafika mpaka Arabuni na India. Utazijua kwa masuke yake yenye manyoya laini, mfano wa mkia wa mbweha.

Tukisema zinastahimili ukame, wengi hudhani zinabaki kijani mwaka mzima. Hapana. Kiangazi kikikolea, majani hukauka kama ya nyasi nyingine yoyote. Siri iko chini: mizizi huweza kushuka mita 2 na zaidi, na kitako cha shina kimevimba kwa sababu ndimo mmea unamoweka akiba ya chakula. Mvua za kwanza zikidondoka tu, shina lile lile la mwaka jana linachipua, halisubiri mbegu. Ndiyo maana zinafaa Dodoma, ambako mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 700.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Mvua yetu kwa kawaida hupita milimita 1,000, na masika mabondeni maji hutuama, jambo ambalo senkrasi haziwezi kabisa. Mfugaji wa Kigamboni mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha ardhi yenye unyevu, mimi ningemwambia apande matete (yale majani ya tembo), atavuna majani mengi zaidi. Senkrasi anunue zikiwa hei, yaani zimekatwa na kukaushwa, kwa marobota. Kama shamba lake ni kichanga kisichotuamisha maji, haya, ajaribu.

Ila robota likaguliwe kabla ya kulipa. Nyasi hizi hukatwa zinapoanza kutoa masuke. Zikicheleweshwa, protini hushuka na mashina hukomaa yakawa magumu. Robota lenye mashina matupu linamjaza ng'ombe tumbo, maziwa hayaongezeki. Tafuta lenye majani mengi, lenye ukijani bado, lisilonuka uvundo.

Anayepanda naye asikimbilie mbegu iliyovunwa juzi. Mbegu mpya hulala, huhitaji kukaa ghalani miezi kadhaa ndipo iote vizuri. Tena ni nyepesi na ina manyoya, hupeperuka na kung'ang'aniana, kwa hiyo ichanganywe na mchanga mkavu wakati wa kusia, na ifukiwe kidogo sana.