Pangaboi la mbao chini ya boriti

Siku hizi wenye nyumba za wageni, kuanzia Paje hadi Pangani, wanataka pangaboi la mbao. Lile jeupe la bati tulilolizoea linaharibu sura ya chumba chenye makuti au boriti, na hapo nakubaliana nao. Ila mimi ndiye ninayeyafunga, kwa hiyo swali langu la kwanza dukani ni hili: hizo mbao ni mbao kweli?

Mara nyingi si mbao. Kuna mapanga ya plastiki yaliyochorwa mistari ya mti, na kuna ya MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi kisha zikavikwa karatasi. Haya ya MDF yakimbie kama uko pwani. Unyevu wa masika ukipenya kwenye matundu ya skrubu, panga linavimba, ncha inalala, na feni inayumba hata ukaze nati zote. Plastiki nzuri itadumu barazani kuliko hayo. Ukitaka mti halisi, tafuta msaji mwembamba uliopigwa vanishi kote, hadi kwenye kingo.

Wapo wanaompelekea seremala mapanga ya bati awachongee mengine ya mninga. Siwashauri. Mota ilitengenezwa kwa bati jepesi, na mapanga yakitofautiana uzito hata kidogo, feni itacheza. Pembe nayo ina kazi: panga lililolala bapa linazunguka tu, upepo huuoni. Kiwandani mapanga hupimwa na kupangwa kwa seti, ndiyo maana hata ya feni mbili zinazofanana hayachanganywi.

Rangi ya shaba iliyozeeka nayo ina hila: inaficha kutu halisi. Nyumba ikiwa karibu na bahari, dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kila mwaka mtu apande ngazi aikague kulabu inayobeba feni.

Kwa ukubwa, nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, kama mita 2.5 hadi 3. Feni ya inchi 56 ina kipenyo cha sentimita 142. Ukiongeza kitanda cha nguzo nne na chandarua chake, nafasi imekwisha. Humo naweka inchi 42 au 48. Mapanga yasishuke chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, nami napenda 2.4. Chini ya paa la makuti tumia paipu ndefu, ncha zisikaribie mteremko.

Usiitundike kwenye boriti moja. Gonga kwanza usikie kama mchwa wameshaila, kisha funga bapa la chuma kwa bolti chini ya boriti tatu, kulabu ikae hapo.

Mota za kawaida hula kama wati 75, za BLDC, yaani mota zisizo na brashi zinazoendeshwa kielektroniki, kama 30. Hizi za pili zina rimoti zake, kwa hiyo ondoa regulata ya zamani ukutani. Na feni ya Marekani ya volti 120 usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230.

Taa iwe ya manjano na ikae chini ya mapanga. Ikiwa juu yake, kivuli kitapepesa chumba kizima na wageni wataumwa kichwa.