Kwa nini kitanda cha kamba hubonyea katikati, na fundi hakikazi hadi mwisho?

Lala juu ya kitanda cha kamba kilichowambwa jana. Tumbo lake litashuka sentimita kadhaa, na ukiinuka litarudi. Mnunuzi asiyekizoea huona hiyo ni kasoro, akamtaka fundi akaze zaidi. Fundi anayeijua kazi atakataa, na sababu yake ni hesabu ndogo.

Chukua kamba moja inayovuka kitanda chenye upana wa sentimita 90, kisha uweke uzito wa kilo 10 katikati yake. Kamba ikishuka sentimita 6, huvuta kila ubavu wa kitanda kwa nguvu ya karibu kilo 37. Ikishuka sentimita 3, huvuta kwa kilo 75. Ikikazwa hata isishuke zaidi ya sentimita 1, mvuto hufika kilo 225. Mzigo ni uleule wa kilo 10, ila kamba iliyonyooka mno haina njia ya kuubeba isipokuwa kuvuta pembeni kwa nguvu kubwa. Zidisha hayo kwa kamba zote zinazobeba mtu mzima, utaelewa kwa nini kitanda kilichokazwa kupita kiasi hupinda mbavu, hupasua viungo, au hukata kamba palepale inapopinda kwenye ukingo wa mbao.

Mbavu hizo ndefu ndizo mifumbati. Mbao fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo, na miguu ni matendegu. Mfumbati wa sentimita 5 kwa 8 unatosha, lakini angalia umelazwa vipi. Upana wa sentimita 8 ukielekea upande wa mvuto, yaani umelala, mfumbati hustahimili kupindwa na kamba zaidi ya mara 2 kuliko ukisimamishwa. Mafundi wengi wa vitanda vya haraka huusimamisha kwa sababu unapendeza machoni. Baada ya miaka michache kitanda huwa chembamba kiunoni. Kingo ambako kamba inapita ziviringishwe kwa randa na msasa. Ukingo mkali ni kisu.

Mjini Lamu kitanda hiki, au ulili kama wasemavyo wenyewe, hakikuwa cha usiku peke yake. Nyumba za mawe zimeezekwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita 2 na nusu hadi 3 hivi. Ndiyo maana misana, yaani vyumba hivyo vya ndani, ni mirefu na myembamba, na kitanda kiliwekwa mwishoni mwa msana, pazia likishushwa inapobidi. Mchana watu walikikalia, usiku wakakilalia. Kamba zina matundu, upepo unapita chini ya mgongo, na katika joto la kaskazi hiyo ndiyo faida kuu. Ukiweka juu yake sponji nene la inchi 6 umeiua faida hiyo. Weka mkeka, au godoro jembamba la sufi au pamba.

Kamba yenyewe ina habari ndefu. Ya usumba hutokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa, yakapondwa, nyuzi zikasokotwa. Haiogopi maji ya chumvi, ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya kale vya baharini vya mbao, lakini hunyumbuka sana, kwa hiyo tumbo la kitanda chake ni laini na hulegea mapema. Ya katani hunyumbuka kidogo na hukaa kwenye umbo, ila ikilala na unyevu huoza. Kamba ya plastiki usiinunue kwa kitanda cha barazani. Jua huila, nyuzi zinakuwa unga mikononi, na fundo lake huteleza.

Kwa kitanda cha sentimita 190 kwa 90, kamba ya milimita 8, nafasi ya sentimita 4 kati ya mstari na mstari, nunua mita 110. Kamba zinazovuka upana hula karibu mita 50, za urefu mita 42, na iliyobaki ni ya mafundo na kukazia. Kwanza iloweke usiku mzima, kisha ikaushe ikiwa imevutwa kati ya minazi miwili. Kamba ya nyuzi za asili ikilowa hujaa na kufupika, ikikauka hurefuka. Ukiiwamba mbichi, italegea mbele ya macho yako.

Anza na za upana, zizungushe mfumbati kwa mfumbati, zikae imara bila kulia kama uzi wa udi. Kisha pitisha za urefu juu ya moja, chini ya moja. Hizi ndizo zinazokaza kitanda, kwa kuwa kila moja huzisukuma za kwanza juu na chini. Mistari ya mwisho huwa migumu kupenyeza, na hapo ndipo watu huruka mbili mbili ili wamalize. Palipo na mruko ndipo patakapobonyea. Tumia kijiti chenye ncha butu, wala usiharakishe.

Mantiki hii haikubaki pwani. Charpai, kitanda cha kamba cha India, huachiwa pengo upande wa miguuni, kamba ya pengo hilo ikivutwa kitanda chote hukaza. Mwaka 1930 msanifu majengo Mjerumani Ludwig Mies van der Rohe alibuni kitanda cha mchana ambacho sasa kinauzwa ghali sana: fremu ya mbao, mikanda iliyovutwa, godoro la ngozi juu yake.

Ukitaka kununua cha kale, kipindue. Mbao za chini, zisizoguswa wala kupigwa na jua, hazitakuwa na rangi sawa na za juu. Zikiwa sawa, kimepakwa. Tazama mifumbati ilipopita kamba: miaka mingi huacha mifereji laini, iliyong'aa, isiyolingana kina. Iliyochongwa juzi hulingana yote. Na kabla ya kukisafirisha nje ya nchi, ujue kwamba sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895 kuwa mali ya kale, na kuvitoa kunahitaji kibali.

Baada ya wiki ya kwanza kamba zitakuwa zimelegea. Fungua fundo la mwisho tu, anza ulegevu ulipoanzia, uusukume mstari kwa mstari hadi mwishoni, kisha funga upya. Kila baada ya msimu wa mvua mwaga maji yanayochemka kwenye viungo vya matendegu, ambako kunguni hutaga, uache kitanda juani siku nzima kabla ya kukikaza tena.