Kwa nini gari hurushwa na barabara uliyoichora mwenyewe kwa kidole?

Kuna magemu ya simu ambayo hayakupi barabara. Unapewa kigari, korongo na bendera ng'ambo. Njia unaichora mwenyewe, kisha unakiachia kigari kipite. Umechora mteremko laini kabisa, lakini kigari kikifika katikati kinarushwa juu na kutua matairi juu. Je, wajua ni kwa nini?

Simu haikuuona ule mpindo ulioupitisha kidole. Kioo husoma mahali kidole kilipo kwa vipindi, kwenye simu nyingi mara 60 au 120 kwa sekunde, na kila msomo ni nukta moja tu. Programu huziunga nukta hizo kwa vipande vifupi vilivyonyooka. Ukichora taratibu, nukta hukaribiana. Ukiburuza kidole haraka, huachana, na vipande viwili vinapokutana hubaki kona. Jicho huenda lisiione, ila tairi litaikuta, na kwa tairi kona hiyo ni tuta. Yapo magemu yanayoulainisha mstari kwanza. Yasiyofanya hivyo yanamtaka mchoraji asiwe na haraka.

Wakati mwingine gari halirushwi, linapenya barabara na kutumbukia. Hapo kosa si la kidole chako. Gemu hukokotoa mwendo kwa hatua, mara nyingi 60 kwa sekunde, kwa hiyo gari lenye kasi ya mita 30 kwa sekunde husogea nusu mita kila hatua. Barabara ikiwa nyembamba kama uzi, hatua hii gari liko juu yake, hatua inayofuata liko chini, na kwa hesabu za gemu havikugusana kamwe. Ndiyo maana injini za fizikia, yaani programu zinazokokotoa mwendo na migongano ndani ya gemu, kama Box2D iliyotengenezwa na Erin Catto na kutumika kwenye gemu la Angry Birds, zina uwezo wa kukagua pia kilichopita kati ya hatua mbili.

Kinachonivutia zaidi ni Line Rider, gemu alilolitengeneza Boštjan Čadež wa Slovenia mwaka 2006 akiwa mwanafunzi. Humo hakuna gari, kuna mtu anayeteleza kwa sleji, chombo cha kutelezea kwenye theluji, lakini kazi ni ileile ya kuchora mstari. Hesabu zake hazina bahati nasibu: mstari uleule huleta safari ileile kila mara, hadi mtikiso wa mwisho. Kwa sababu hiyo wachoraji wake huweza kupanga njia nzima kufuata muziki, kila tuta likigongwa sawia na mdundo.