Sola na luku Mtwara: uniti moja ya jua inakuokolea shilingi ngapi?

Ukitaka kujua kama sola itakulipa, usianzie dukani kwenye paneli. Anza na risiti yako ya luku, uone uko kundi gani. Mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti (kilowati-saa moja) mpaka uniti 75 za mwezi, na kuanzia ya 76 hulipa 350. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ukijumlisha, uniti ya D1 inakufikia kwa shilingi 122, ile ya kuzidi 75 kwa 427, na ya T1 kwa 356. Kodi ya jengo inayokatwa humo humo iweke kando, maana utailipa hata paa lote likijaa paneli.

Watu wawili wa mtaa mmoja pale Chikongola wanaweza kufunga mtambo ule ule, kwa fundi yule yule, mmoja hela yake ikarudi kwa miaka sita na mwenzake isirudi kamwe. Tofauti yao iko kwenye namba hizo tatu: 122, 427 na 356.

Tupige hesabu ya nyumba ya kawaida ya mjini. Friji inakula kama uniti 1.2 kwa siku. Feni mbili za wati 60, saa nane za usiku, ni 0.96. Televisheni ya inchi 32 kwa saa tano ni 0.25, taa sita za wati 9 kwa saa tano ni 0.27, simu na ruta 0.2. Hapo una uniti 2.88 kwa siku, karibu 86 kwa mwezi. Ongeza pasi na jagi la kuchemshia maji, unafika 100. Uniti 100 kwa mteja wa T1 ni shilingi 35,600 na kidogo. Kwa mteja wa D1 ni 9,150 za uniti 75 za kwanza, na 10,675 za uniti 25 zilizozidi, jumla 19,825.

Sasa weka sola ya mchana tu, bila betri. Bei nitakazotaja ni za mfano. Ukishapata profoma yako, toa zangu uweke zako. Paneli mbili za wati 550 kwa 250,000 kila moja. Inveta ya kilowati 3 inayokubali kufanya kazi bila betri, 900,000. Reli, waya, breka na kinga ya radi, 350,000. Fundi, 200,000. Jumla ni 1,950,000. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni jua linabeba friji na ruta, na kama wenye nyumba wamekubali kupiga pasi na kuchemsha maji mchana, luku inapungua uniti 30 kwa mwezi. Zinabaki 70.

Mteja wa D1 sasa analipa 8,540. Ameokoa 11,285 kwa mwezi, sawa na 135,000 na kidogo kwa mwaka. Gawanya: miaka 14 na zaidi. Inveta nyingi hazifiki umri huo, hasa zikifungwa kwenye joto la ukuta wa magharibi. Kwa mtu huyu, kama lengo ni kuokoa hela, jibu langu ni hapana.

Mteja wa T1 akikaa tu baada ya kufunga, anaokoa uniti 30 mara 356, kama 10,700 kwa mwezi, na hali yake haina tofauti na ya mwenzake. Lakini matumizi yake sasa yako chini ya 75. Akienda ofisi ya TANESCO kuomba kurudishwa D1, na rekodi ya manunuzi yake ikaonyesha hivyo, bili ya 35,600 inashuka mpaka 8,540. Hapo anaokoa 27,000 kwa mwezi, 325,000 kwa mwaka, na mtambo unajilipa kwa miaka sita. Sehemu kubwa ya akiba hiyo imetoka kwenye kuhama kundi, jua limesaidia tu kufika hapo. Na haiji yenyewe. Wanaofunga sola wakanyamaza wanaendelea kulipa T1 kama zamani.

Ukishaelewa hilo utaona pia kwamba uniti 30 zinaweza kupungua kwa njia ya bei rahisi kuliko milioni mbili. Mpira wa mlango wa friji uliolegea, friji kuukuu iliyobanwa ukutani ikakosa pumzi, jagi la wati 2,000 wakati mtungi wa gesi upo jikoni. Shughulikia hivyo kwanza.

Betri ndiyo inayokula hela

Chukua betri ya lithiamu ya volti 51.2, ampea-saa 100, yaani uniti 5.12, kwa bei ya mfano 2,800,000. Mtambo mzima sasa ni 4,750,000. Paneli zako mbili, kwa jua la pwani yetu, zinazalisha kama uniti 4.4 kwa siku nzuri; ukitoa kinachopotea kwenye betri na kinachonywewa na inveta, unabaki na uniti 3 za kutumia, 90 kwa mwezi. Luku inabaki uniti 10. Ukilinganisha na mtambo usio na betri, umepunguza uniti 60 zaidi, lakini hizo zote ni za shilingi 122. Ni 7,320 kwa mwezi, 87,840 kwa mwaka. Betri ya 2,800,000 ukiigawa kwa hapo unapata karibu miaka 32.

Kuna namna nyingine ya kuliona hilo. Betri hiyo ukiitumia kwa asilimia 80, inatoa uniti 4.1 kila mzunguko, yaani kila ikijazwa na kutumika mara moja. Kwenye makaratasi huandikwa mizunguko 6,000. Kwa joto la huku mimi napigia 4,000. Itakupa uniti 16,400 maishani mwake, na kila uniti inayopita ndani yake imekugharimu shilingi 171. Hata ukipewa paneli bure, umeme uliolala kwenye betri ni ghali kuliko wa D1. Betri ya jeli ya ampea-saa 200 kwa 600,000 inaonekana nafuu, ila ukitaka idumu unatumia nusu yake tu, uniti 1.2, kwa mizunguko kama 700. Hiyo ni shilingi 714 kwa uniti. Tena betri za risasi, jeli ikiwemo, haziwezi joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu, na chumba chenye bati lisilo na dari hapa Mtwara kinapita nyuzi 30 kirahisi.

Kwa hiyo mwenye luku anayenunua betri ananunua kutokukatikiwa. Hiyo ni sababu halali kabisa, ila ipigiwe hesabu yake. Gesi ya kuzalishia umeme inachimbwa Msimbati, sawa, lakini umeme unasafiri kwenye nguzo kupita minazi na mikorosho hadi Masasi na Newala, na tawi likiangukia waya gesi haina msaada. Andika saa za kukatika kwa mwezi mzima. Jenereta ndogo ya petroli hunywa kama nusu lita kwa saa kwa mzigo wa nusu kilowati. Ukiwasha saa 40 kwa mwezi, ni lita 20. Kwa petroli ya 3,000 ni 60,000 kwa mwezi na 720,000 kwa mwaka, bado oili na plagi. Bei halisi utaiona kwenye tangazo la kila mwezi la EWURA, ambalo lina safu yake ya mafuta yanayoshukia bandari ya Mtwara. Ukilinganisha na jenereta, betri ile ile ya 2,800,000 inajilipa ndani ya miaka minne. Kinyozi, mwenye steshenari, mwenye duka la dawa lenye friji, hao wanunue. Muuza samaki mwenye friza la kifuniko cha juu asikimbilie betri: friza lililojaa na kufungwa vizuri huhifadhi ubaridi karibu siku nzima. Aliendeshe mchana kwa paneli, alijaze chupa za maji yaliyoganda, usiku asilifungue.

Kijijini hesabu inageuka

Kama nguzo zimeshafika kijijini, kuunganishiwa umeme kwa mradi wa REA ni shilingi 27,000. Hakuna sola itakayoshinda 27,000 pamoja na uniti za 122. Kama hazijafika, mshindani wako ni tochi za betri, mafuta ya taa na hela ya kuchajisha simu. Kaya inayochajisha simu mbili kila siku, kila moja kwa 300, inatoa 18,000 kwa mwezi, zaidi ya bili ya D1 ya uniti 75. Paneli ya wati 100, kontrola na betri ndogo ya lithiamu ya volti 12 inabeba taa, simu na redio, na hapo hela inarudi haraka.

Ukikopeshwa kwa malipo kidogo kidogo, jumlisha malipo yote mpaka la mwisho, ndipo ulinganishe na bei taslimu. Na ratiba ifuate korosho. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea hela yake inaingia kuanzia Oktoba hadi karibu na mwaka mpya; mkataba wa kila siku unaozima mtambo usipolipa utamweka gizani Februari na Machi, msimu wa mvua, wakati hela imeisha. Bora akusanye alipe kwa mkupuo baada ya mnada.

Yanayoharibu hesabu baada ya kufunga

La kwanza ni inveta yenyewe. Inveta ya kilowati 5 hunywa wati 50 hivi hata nyumba nzima ikiwa imezimwa. Hiyo ni uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi, sawa na friji ya pili ambayo haipoozi chochote. Nyumba ya taa, feni na friji haihitaji kilowati 5. Tafuta kwenye kijitabu cha inveta matumizi yake ikiwa haina mzigo; kama hayajaandikwa, chagua nyingine. Usiende ndogo mno pia, maana mota ya friji ikiwaka huvuta mara tano mpaka saba ya wati zake kwa sekunde moja.

La pili ni volti. Inveta nyingi za sasa zinataka volti 120 au zaidi kutoka kwenye paneli ndipo ziamke. Paneli ya wati 550 ina kama volti 49 bila mzigo, kwa hiyo mbili kwa mfuatano ni 98, na inveta italala jua likiwaka. Mteja anaambiwa paneli ni feki, kumbe zilitakiwa tatu au nne. Kwa paneli mbili tafuta inveta inayoanzia volti 60 au chini.

Luku nayo haipendi umeme unaorudi. Mita nyingi huuhesabu kama matumizi, nyingine hujifunga kama zimechezewa. Fundi aweke inveta kwenye hali ya kutorudisha umeme kabla ya kuunganisha, akupimie mbele yako.

Upande wa paa, tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Bati lako likitazama mashariki au magharibi liache hivyo. Hasara ni ndogo kuliko gharama ya kuchomelea fremu. Usishuke chini ya nyuzi 10, mvua haitaosha vumbi. Kivuli ni hatari zaidi kuliko mwelekeo. Juni jua liko kaskazini na chini, kwa hiyo mnazi ulio kaskazini mwa nyumba unaoonekana hauna neno Januari utatupa kivuli juu ya paneli katikati ya mwaka, na paneli moja ikifunikwa inaburuza mwenzake waliyefungwa naye mfuatano. Kivuli kisipotosha, kuna nazi.

Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko chumvi ya bahari hula boliti za kawaida. Reli ziwe alumini, boliti ziwe za chuma cha pua, na misumari ishike papi, isiishie kwenye bati. Mchanga wa pwani haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo moja ya ethi mara nyingi haitoshi. Piga mbili zilizoachana mita tatu, uziunganishe. Breka za upande wa paneli ziwe za DC, yaani umeme wa aina inayotoka kwenye paneli na betri. Breka ya kawaida ya nyumbani ikikata umeme wa DC hutoa cheche isiyozimika, ikayeyuka na boksi lake.

Wenye nyumba katikati ya mikorosho wana kazi moja ya ziada. Kuanzia Juni hadi Septemba salfa ya unga inayopulizwa mashambani hutua kwenye kioo, umande wa alfajiri ukaigandisha, na hakuna mvua ya kuiosha. Ifute asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kwa kitambaa laini na maji baridi, bila sabuni ya unga. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha utando mweupe. Tumia ya mvua kama umeyahifadhi.