Katuni si Jina Jingine la Kipindi cha Watoto

Mwanzoni mwa muhula huu shule moja ya nasari hapa Jinja, Uganda, iliwatumia wazazi tangazo, lililoandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa sisi wa mtaa wa Walukuba ni watu wa makabila mengi, likisema: "Katuni zinaharibu akili za watoto. Wazazi wazipige marufuku nyumbani." Siku ileile jirani yangu, Mama Zaina, alinihakikishia kwamba yeye hana wasiwasi wowote na televisheni, kwa sababu binti yake wa miaka minne haangalii kitu kingine ila katuni. Shule imelifanya neno hilo sumu, jirani yangu amelifanya kinga, na wote wawili wamelibebesha mzigo usio wake.

Maana zenyewe ni fupi. Katuni ni picha ya kuchorwa, iwe imetulia gazetini au inatembea kwenye skrini. Kipindi cha watoto ni kipindi kilichotungwa kwa ajili ya mtoto wa umri fulani, na watu wanaojua mtoto wa umri huo anaweza kufuata nini. Neno la kwanza linaeleza kitu kimetengenezwaje, la pili linaeleza kimetengenezewa nani.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ukoo wa neno katuni umejaa majumbani mwetu bila sisi kuutambua. Wagiriki wa kale waliita karatasi ya mafunjo khartes. Kupitia Kiarabu neno hilo likatufikia likiwa karatasi, kupitia Kireno likawa karata, na kupitia Kiingereza likawa kadi. Waitaliano nao wakasema carta, na karatasi nene wakaiita cartone, ambayo ndiyo iliyotuzalia mapacha wawili, katoni na katuni. Zaina huangalia katuni zake akiwa amekalia katoni tupu ya sabuni kutoka dukani kwa mama yake, na sijapata kuona somo la asili ya maneno lililo wazi kuliko hilo.

Cartone ya wachoraji ilikuwa karatasi nene ya kuchorea mfano wenye ukubwa kamili, kabla mchoro haujahamishiwa ukutani au kufumwa kwenye zulia la kutundika. Baadhi ya zile alizochora Raphael, mchoraji wa Kiitaliano, mwaka 1515 na 1516 zimehifadhiwa London hadi leo. Mwaka 1843, michoro ya namna hiyo ilipoonyeshwa huko London kwa ajili ya kupamba jengo jipya la Bunge, jarida la Punch lilichapisha michoro yake yenyewe ya kukejeli serikali inayonunua sanaa huku maskini wakikosa chakula, nayo ikaitwa katuni kwa dhihaka. Dhihaka ikashika. Neno liliingia magazetini kwa mlango wa siasa, na wachora katuni wa Kampala wanaomchora mheshimiwa mwenye tumbo la kupindukia wanaliendeleza hivyohivyo bila mtoto yeyote kuhusika. Hata picha za kuchorwa zilipoanza kutembea, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wazima walizitazama katika majumba ya sinema. Ni televisheni za Marekani za miaka ya 1960 zilizozirundika asubuhi ya Jumamosi, saa za watoto, na tangu hapo mchoro na mtoto vikafungwa kamba moja. Sisi wa Uganda huenda tumeongeza sababu yetu, kwani katika Luganda ka- ni kiambishi cha udogo, akaana ni kitoto, na sikio lililozoea hivyo likisikia neno linaanza na "ka" hudhani limeletewa kitu kidogo kisicho na madhara. Hiyo ni dhana yangu tu.

Udogo huo ulimponza Mama Zaina mwaka jana, alipowekewa kwenye flashi filamu ya kuchorwa yenye sauti ya VJ, mmoja wa wale wasimulizi wa vibanda vya video ambao huzungumza Luganda juu ya filamu na kuongeza mizaha yao. Picha ilikuwa ya sungura, mizaha ilikuwa ya baa. Wiki hiyo Zaina alikuja kwangu akanipigia magoti vizuri, kisha akanisalimu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Kinyume chake pia kipo. Sesame Street, iliyoanza Marekani mwezi Novemba 1969, ni kipindi cha watoto wa umri wa nasari, lakini wahusika wake wakuu ni vikaragosi vya kitambaa na watu halisi. Akili and Me, inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ni katuni na ni kipindi cha watoto kwa wakati mmoja, na msichana wake, Akili, ana miaka minne kama Zaina.

Kwamba tofauti hii inagusa akili ya mtoto, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha mwaka 2011. Waliwachukua watoto 60 wa miaka minne. Kundi moja likaonyeshwa kwa dakika 9 katuni ya kasi yenye mambo yasiyowezekana, mandhari ikibadilika kila sekunde 11 hivi, kundi la pili katuni ya maisha ya kawaida iliyobadilika kila sekunde 34 hivi, na kundi la tatu likapewa karatasi na rangi. Mara baada ya hapo, watoto wa kundi la kwanza walishindwa kuliko wenzao kujizuia, kungoja na kushika maagizo. Kilichopimwa ni athari ya papo hapo, si ya miaka, lakini angalia jambo moja: makundi mawili ya kwanza yote yaliangalia katuni.

Mtoto mchanga ana habari yake. Utafiti wa Seattle wa mwaka 2003 ulikuta kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walijifunza kutambua sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao, ila mtu huyohuyo alipowekwa kwenye televisheni hawakujifunza kitu, na hiyo haikuwa katuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 nao unahesabu muda wa kukaa mbele ya skrini yoyote, hata taarifa ya habari ya baba.

Sina ugomvi na nia ya shule. Ningeomba tu tangazo lisomeke hivi: "Mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya televisheni. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na mzazi akifahamu kipindi chenyewe kabla ya kukiwasha." Naye Mama Zaina, akiulizwa tena binti yake anaangalia nini, ataje jina la kipindi, kwa kuwa "katuni" ni jibu la swali jingine.