Je, wajua kwa nini mjamzito hupimwa mkojo kila aendapo kliniki?

Ukikaa benchi la kliniki ya wajawazito hapa Mombasa, iwe Tudor, Likoni au Kisauni, utasikia akina mama wakisema kile kikopo cha mkojo ni cha kutafuta sukari au maambukizi. Ni kweli, lakini si yote. Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo huo hutafuta protini pia, na protini ndiyo habari ya figo. Figo haziumi zinapoanza kuharibika, kwa hiyo bila kipimo hakuna wa kukuambia.

Mimba yenyewe ni kazi nzito kwa figo. Maji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na uchujaji hupanda kwa karibu nusu. Kwa sababu hiyo kreatinini, yaani taka inayopimwa kwenye damu, hushuka. Kipimo cha mikromoli 90 kwa lita, ambacho kwa mtu mwingine hakishtui, kwa mjamzito ni ishara kuwa figo zina shida.

Sasa ongeza unene. Mwanamke wa sentimita 160 aliyekuwa na kilo 77 kabla ya mimba tayari ameingia kundi la unene uliopindukia. Mwili mkubwa una damu nyingi ya kuchujwa, lakini vichujio havizidi: kila figo ina takriban milioni moja, na mtu mzima haoti vingine. Kila kimoja hutanuka na kusukumwa kwa nguvu zaidi. Ni kama kifumbu cha tui: kikikamuliwa kupita kiasi nyuzi hulegea, na chicha hupita, kama protini inavyopita kuingia kwenye mkojo. Juu ya hayo, mafuta yanayozunguka figo huzibana, na homoni za mafuta huufanya mwili ushike chumvi, hivyo presha hupanda.

Presha ya mimba inayoharibu viungo, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ina njia yake. Kondo la nyuma lisipopata damu ya kutosha humwaga kwenye damu ya mama protini inayozuia kichocheo kinacholisha utando wa ndani wa vichujio. Utando huvimba, uchujaji hupungua, protini huvuja. Mwanamke mnene yuko kwenye hatari hii mara mbili hadi tatu zaidi ya mwenzake.

Kipimo kibaya hupotosha kuliko kukosa kipimo. Pumzika dakika tano, kaa umeegemea, miguu sakafuni bila kuipishanisha, mkono usawa wa moyo. Mkono wa buibui uvuliwe, usikunjwe ukabana juu ya kiwiko. Mkono wako ukizidi sentimita 33 kwa mzunguko, omba mkanda mkubwa, kwa maana mkanda mdogo hukupa presha usiyokuwa nayo. Mkojo nao uwe wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho, baada ya kunawa, kwani ute wa ukeni unaweza kuonyesha protini isiyotoka kwenye figo.

Presha ya 140/90, ikirudiwa baada ya saa nne au zaidi ikabaki hapo, ni presha ya kweli. Ya 160/110 ni dharura ya saa hiyohiyo. Usingoje miadi ukiumwa sana na kichwa, ukiona ukungu, ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, uso ukivimba ghafla au mkojo ukipungua.

Wajawazito hutumia methildopa, nifedipini au labetaloli. Enalapril na losartani huharibu figo za mtoto tumboni, kwa hiyo aliyekuwa akizitumia amwone daktari mara tu anapojua ana mimba, asiache presha bila dawa. Diklofenaki na brufeni zinazonunuliwa dukani hupunguza damu inayofika kwenye figo, ziepuke. Mwenye hatari kubwa anaweza kuandikiwa aspirini ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku kuanzia wiki ya 12. Usijiandikie mwenyewe.

Kuhusu chakula, mimba si wakati wa kujinyima. Mwanamke mnene hulenga kuongeza kilo 5 hadi 9 tu kwa mimba nzima. Ng'onda, papa mkavu na achari zina chumvi nyingi. Aliyekuwa na presha tangu zamani azipunguze, ila ajue kuacha chumvi peke yake hakuzuii kifafa cha mimba.

Tunapokosea zaidi ni baada ya kujifungua. Mtoto anapelekwa chanjo, mama hapimwi. Ilhali presha mara nyingi hupanda zaidi siku ya tatu hadi ya sita, mama akiwa kesharudi nyumbani. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa aliyepata ile presha ya mimba inayoharibu viungo kwenye mimba ya kwanza ana hatari karibu mara tano ya figo kufeli baadaye. Wanaofikia huko ni wachache, chini ya mmoja kati ya mia, lakini wanaweza kuonekana mapema. Kwa hiyo pimwa presha ndani ya wiki ya kwanza, kisha wiki ya sita. Mkojo ukiwa bado na protini baada ya miezi mitatu, omba rufaa kwa daktari wa figo katika Hospitali Kuu ya Pwani. Hata mkojo ukiwa safi, bado pima presha, mkojo na kreatinini mara moja kwa mwaka, na umwambie kila daktari atakayekutibu kwamba ulipata presha ukiwa mjamzito.