Ufizi Hauoti kwa Karafuu

"Daktari, hebu angalia, ufizi si umeanza kuota?" Swali hili nimelisikia hadi limenichosha. Anayeuliza huwa ameshakaa miezi na jino lililorefuka kuliko wenzake kwa kuwa ufizi wake umerudi nyuma, asubuhi akilisugua kwa chumvi na ndimu, usiku akipaka mafuta ya karafuu, na juu yake habasoda aliyoshauriwa na jirani. Nikimtazama kinywani, kweli kuna kilichoongezeka. Ufizi umevimba, mwekundu, ukiugusa tu unatoa damu. Uvimbe huo ndio aliodhani ni ufizi mpya.

Ufizi umeshikana na mzizi wa jino kwa nyuzi, na nyuma yake kuna mfupa. Upande wa nje, unaogusa mdomo, mfupa huo ni mwembamba sana, wengine hata hawana mahali fulani. Nyuzi zikishaachia na mzizi ukabaki wazi, hakuna mti wala mafuta yatakayozishikiza tena. Dawa ya meno ya bei ghali haiwezi pia, hata sanduku lake liseme nini. Dawa hupunguza uvimbe na damu, basi. Na uvimbe ukiisha, jino huonekana refu kuliko jana, mgonjwa akanuna. Hapo ndipo ilipozaliwa ile dhana nyingine, kwamba kusafishwa meno na daktari "kunakula fizi" na kulegeza meno. Ukoga mgumu ulikuwa umekaa penye pengo lililokuwapo tangu zamani. Tumeutoa, umeliona.

Ndimu ndiyo inayonichoma roho zaidi. Mzizi hauna enameli, lile ganda gumu la juu ya jino. Chini ya ngozi yake nyembamba ni dentini, sehemu ya ndani ya jino, yenye vijitundu vinavyoelekea kwenye neva, ndiyo maana ukinywa maji baridi unaruka. Asidi ya ndimu huilainisha, kisha chumvi au mkaa unakwangua kilicholainika. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa nayo huunguza ufizi. Mtu alikuwa na tatizo la ufizi peke yake, sasa ana shimo pia kwenye shingo ya jino. Mafuta ya nazi hayana dhara, lakini mimi ningeyapeleka jikoni.

Na mkono pia ni mkosaji. Watu wanaamini usafi ni nguvu, wananunua mswaki mgumu kuliko yote dukani na kuuvuta kushoto kulia kama wanakwangua sufuria. Nunua laini. Ushike kwa ncha za vidole, usiukamate kwa ngumi, uulaze kwenye mpaka wa ufizi na jino, usugue kwa miduara midogo. Msuwaki wa mti siupingi, ni sunna na unasafisha vizuri. Uloweke, utafune mpaka nyuzi zilainike, kisha sugua kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino, usikate kwa upana. Wanaotafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, nao wajichunguze upande ule wanakoweka donge. Amri ya kaunti ya Mombasa ya kuupiga marufuku mwaka 2024 iliishia mahakamani. Ufizi haungoji hukumu.

Kinachorudisha ufizi juu ya mzizi ni upasuaji. Kwa kawaida tunatoa kipande chembamba cha nyama chini ya ngozi ya kaakaa, unene wa milimita moja hadi moja na nusu, tunakiweka juu ya mzizi na kukifunika kwa ufizi wa hapo hapo. Njia hii ilielezwa na Langer na Langer mwaka 1985. Hufanywa kwa sindano ya ganzi, uko macho, na jioni umelala kwako. Anayesema kaakaa lote hukatwa amesimuliwa na aliyesimuliwa.

Swali la nguruwe, kama kipandikizi kimetokana naye, huja kwa kunong'onezwa, na sioni sababu ya kunong'ona. Nyama ya kaakaa ni yako mwenyewe. Lakini kuna vipandikizi vya kiwandani, na baadhi yake ni kolajeni ya nguruwe. Vingine vinatokana na ng'ombe au na ngozi ya binadamu aliyefariki. Muulize daktari wako waziwazi kabla hujaweka sahihi. Akikasirika, tafuta mwingine.

"Mzizi wote utafunikwa?" Inategemea mfupa na ufizi ulio baina ya meno. Huo ukiwa mzima, kuufunika mzizi wote kunawezekana. Ukishaliwa sana, hatutarajii hivyo, na anayekuahidi anakuuzia ndoto. Wala si kila ufizi uliorudi nyuma unahitaji kisu. Kama hauumi na hausogei, tunaupima, tunaupiga picha, tunaulinganisha ukirudi. Ukiendelea kushuka, au umekuwa mwembamba kupita kiasi, hapo tunazungumza.

Maumivu huwa zaidi kaakaani kuliko kwenye jino, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili hadi nne. Siku za kwanza kipandikizi kinaishi kwa majimaji ya kilicho chini yake, hadi mishipa ya damu iingie. Kwa hiyo usivute mdomo mbele ya kioo kukitazama, usipige mswaki pale kwa muda wa wiki mbili hivi, usivute sigara kabisa. Viazi karai na pilipili ya ukwaju vingoje. Kunywa uji uliopoa, na madafu kwa kikombe, si kwa mrija.

Wanaouliza kuhusu Ramadhani: sindano ya ganzi na swaumu muulize shehe wako. Mimi ninachojua ni kwamba baada ya upasuaji kuna vidonge vya mchana, kusukutua kwa dawa na kula kidogo kidogo. Kama hakuna usaha wala haraka, njoo Mfungo Mosi, ila si mkesha wa arusi ya mtu wenu.